Sindano ya kulegeza, filla au krimu: ipi inaufaa mkunjo ulio nao?

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa mchana. Kunja ndita kama mtu aliyeudhiwa, hesabu moja hadi tano, kisha uachie uso utulie kabisa. Sasa angalia kilichobaki kati ya nyusi. Kama mistari yote imefutika, huo ni mkunjo wa mwendo: huja msuli unapokaza na huondoka unapolegea. Kama umebaki mfereji hata baada ya uso kutulia, huo umeshakuwa mkunjo wa kudumu, mfano wa shuka lililokunjwa mahali pale pale miaka mingi hadi alama haitoki hata ukilinyoosha.

Jaribio hilo la nusu dakika ndilo linalopaswa kukuchagulia dawa. Inanisikitisha kuona wengi wanaingia kliniki wakiwa wameshika jina la dawa mkononi, na mkunjo wenyewe hawajawahi kuuchunguza. Wanaomba Botox, jina maarufu la sindano ya kulegeza msuli, kwa mkunjo unaohitaji kujazwa, au wanaomba kujazwa mahali ambapo msuli ungelegezwa tu na kazi ikaisha. Mimi nimechomwa sindano ya kulegeza mara kadhaa, na krimu ya tretinoini naipaka hadi leo. Filla, yaani sindano ya kujaza, sijawahi kuchomwa, lakini nilikaa pembeni ya dada yangu alipochomwa, na nikamuuguza baadaye.

Kinachotokea chini ya ngozi

Sindano ya kulegeza ina sumu ya botulinamu, inayotengenezwa na bakteria Clostridium botulinum. Ndiyo sumu ile ile inayoua watu kwa chakula cha kopo kilichoharibika, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo. Usalama wake uko kwenye kipimo: kiasi kinachochomwa usoni ni kidogo mno, na kinawekwa ndani ya msuli uliolengwa. Kwa kawaida neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini ili kuuamuru msuli ukaze. Dawa hii huikata protini inayosaidia kuitoa kemikali hiyo. Amri inatoka, haifiki, msuli unapumzika. Ngozi iliyo juu yake haijajazwa wala kuvutwa. Imeacha tu kukunjwa. Baada ya miezi kadhaa neva hurudisha njia zake za mawasiliano, na ndita zinarudi polepole.

Filla ni kitu tofauti kabisa, ingawa zote mbili hutoka kwenye sindano. Nyingi zimetengenezwa kwa asidi ya haialuroni, jeli inayoshika maji, ambayo hata mwili wako unayo ya asili. Inakaa chini ya mkunjo na kuuinua. Misuli inaendelea kukaza kama ilivyokuwa.

Krimu, nayo, haigusi msuli wala haijazi shimo. Inaifanyia kazi ngozi yenyewe, taratibu.

Napenda watu wajue dawa ya kulegeza ilikotoka, kwa sababu historia yake inatuliza hofu. Haikuzaliwa saluni. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco alikuwa anatafuta tiba ya makengeza bila upasuaji, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipitisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Kule Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aliona kwamba wagonjwa aliowachoma kwa ajili ya kope walikuwa wanapoteza ndita zao. Pamoja na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1992. FDA iliiruhusu Botox kwa ndita mwaka 2002, kwa mistari ya pembeni mwa macho mwaka 2013, na kwa paji la uso mwaka 2017. Kwa hiyo unapochomwa kati ya nyusi, unachomwa mahali ambapo, kwa habari ya mikunjo, pamechunguzwa kwa muda mrefu kuliko pengine popote usoni.

Utakachokiona, siku kwa siku

Mara yangu ya kwanza ilichukua muda mfupi kuliko maelezo yake. Daktari aliniambia nikunje uso, nilegeze, nikunje tena, huku akiweka nukta za penseli nyeupe. Kwa ndita kipimo cha kawaida cha Botox ni yuniti 20, zinazogawanywa sehemu tano. Maumivu yalikuwa kama kuchomwa na mwiba mwembamba mara tano, na ule wa karibu na pembe ya jicho ulinitoa machozi bila kunishauri. Vikabaki vinundu kama vya mbu, na kabla sijavaa viatu vilikuwa vimeanza kutulia. Nikaambiwa nisijilaze kwa saa nne, nisipasugue, na siku hiyo nisifanye mazoezi mazito.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili pia hakuna. Hapa ndipo watu huanza kupiga simu kulalamika. Kazi huanza kuonekana kama siku ya tatu au ya nne, na hufika kileleni karibu wiki mbili. Nakumbuka asubuhi ya siku ya tano: nilisoma ujumbe ulioniudhi, nikataka kukunja uso, na uso haukukunja. Nilihisi nia ya kukunja ikifika hadi kwenye nyusi, kisha ikakwama pale. Halikuwa jambo la maumivu. Lilikuwa jambo la ajabu, na ilinichukua wiki nzima kulizoea.

Usikubali kuongezewa dozi kabla ya wiki mbili kuisha. Upande mmoja unaweza kutangulia mwingine kwa siku kadhaa, na anayekuongeza mapema anakutibu kitu ambacho kingejinyoosha chenyewe. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne utaona mwendo unarudi, kwanza kidogo pembezoni, kisha kote. Uso haurudi vibaya kuliko ulivyokuwa. Unarudi pale pale ulipokuwa, na kwa sababu umezoea kuuona laini, unaweza kudhani umezeeka ghafla.

Kichwa kinaweza kuuma siku moja au mbili, na damu inaweza kuvilia chini ya ngozi penye tundu la sindano. Linaloogopwa zaidi ni kope kulegea. Katika majaribio ya Botox kwa ndita lilitokea kwa takriban watu 3 katika kila 100. Linapita lenyewe dawa inapoisha nguvu, na yapo matone ya macho ya apraklonidini yanayoweza kuiinua kope kidogo wakati unasubiri.

Kuhusu paji la uso nina neno refu, maana liliniponza. Msuli wa paji ndio pekee unaoinua nyusi. Misuli iliyo kati ya nyusi na kuzunguka macho huzivuta chini. Ukilegeza paji peke yake na kuiacha ile ya chini ikiwa na nguvu zake zote, nyusi zinashuka, na ndiyo maana kipimo kilichoidhinishwa cha paji huenda pamoja na kile cha ndita. Kuna watu wenye kope nzito ambao hulitumia paji lao kutwa nzima kufungua macho, bila kujua. Hao ukiwalegeza paji unawafungia dirisha. Mimi nilikwenda mahali pengine mara ya pili kwa sababu ya haraka, nikaomba paji tu, na aliyenichoma hakuniuliza swali hata moja. Kwa wiki saba hivi nilitembea nikihisi nimevaa kofia iliyoshushwa hadi machoni. Picha zangu za kipindi hicho zote zinaonyesha mtu mwenye usingizi. Hakuna aliyeweza kunifanyia lolote ila kungoja.

Ulipo ubora wa filla, na hatari yake

Pale sindano ya kulegeza inaposhindwa, filla inang'ara. Mistari inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo, mashavu yaliyopungua nyama, midomo iliyosinyaa: hizo haziletwi na msuli mmoja unaoweza kuulegeza bila kuharibu tabasamu na ulaji. Zinataka kujazwa. Na filla haikungojeshi wiki mbili. Unatoka umeshabadilika, ingawa siku mbili tatu za mwanzo uvimbe hukudanganya na sura halisi huonekana baada ya kama wiki mbili. Inadumu miezi sita hadi kumi na minane, kulingana na aina ya jeli na mahali ilipowekwa. Midomo huipoteza mapema kwa sababu haitulii.

Ina faida nyingine kubwa. Ukikosewa, filla ya asidi ya haialuroni inaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho haialuronidesi. Sindano ya kulegeza haina dawa ya kuifuta. Kwa maelezo hayo mtu angedhani filla ndiyo salama zaidi.

Mimi naona kinyume. Kosa la kawaida la sindano ya kulegeza, kope kushuka au uso kutolingana, hujifuta lenyewe ukiwa na subira. Kosa baya la filla halina subira na wewe. Jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inayolishwa na mshipa huo hunyimwa damu na inaweza kufa. Ikisafiri hadi mishipa ya jicho, inaweza kupofusha. Ni nadra, lakini hupimwa kwa dakika na saa, na upofu huo mara nyingi haurudi. Mahali penye hatari kubwa kupindukia ni pale pale kati ya nyusi, pamoja na pua. Kwa hiyo mwenye ndita zilizochimbika asikimbilie filla. Aanze kwa kulegeza msuli, asubiri, aone kiasi gani cha mfereji kimejiinua chenyewe baada ya kuacha kukunjwa. Wengi hugundua kilichobaki hakistahili hatari hiyo.

Dada yangu alijazwa chini ya macho. Mshipa haukuguswa, tunashukuru, ila jeli iliwekwa juu juu mno, na kwenye mwanga wa jua ikaonekana kama kivuli cha bluu kilichovimba. Aliyemchoma hakuwa na haialuronidesi. Ilibidi tumtafute daktari mwingine, na dada akakaa wiki tatu akiogopa kutoka bila miwani. Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa anayetaka filla umekuwa mmoja: uliza kama dawa ya kuyeyusha ipo kwenye chumba hicho hicho, sasa hivi, na uombe kuiona. Ikiwa haipo, chukua mkoba wako. Na wakati wa kuchomwa au baadaye, ukipata maumivu makali yasiyolingana na sindano, ngozi ikageuka nyeupe au ikatoka madoa kama wavu, au kuona kukabadilika, usingoje asubuhi.

Krimu, na jinsi inavyodharauliwa

Tretinoini inatokana na vitamini A na huandikwa na daktari. Inahitaji uvumilivu ambao sindano haikudai: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kila baada ya siku mbili mwanzoni, na wiki za kwanza ngozi inawasha na kubanduka. Mabadiliko yanaonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Haitaondoa ndita za mtu anayekunja uso kila akiangalia simu, kwa sababu msuli haiufikii. Inachofanya ni kulainisha vile vistari vyembamba na ukavu ambao sindano zote mbili huuacha kama ulivyo. Mjamzito asiitumie. Na mwenye ngozi nyeusi aanze polepole zaidi ya anavyodhani, maana ngozi yetu ikiwashwa sana huacha madoa meusi yanayokaa kuliko mikunjo yenyewe. Sababu hiyo hiyo inanifanya nizipite haraka leza na dawa za kuchubua: zipo zinazofaa, ila kwa ngozi nyeusi zinataka mtu aliyezizoea ngozi nyeusi, na sizipendekezi kama hatua ya kwanza.

Krimu zinazojitangaza kwamba ni "Botox isiyo na sindano" ziache dukani. Sumu ya botulinamu ni molekuli kubwa ambayo haipenyi ngozi nzima kwa kupakwa, na krimu hizo hata hazina sumu hiyo.

Ile ya kukinga jua, hata hivyo, nakusihi uichukue kwa uzito. Katika utafiti uliofanyika Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa miaka minne na nusu; matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopaka kila siku walionekana na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko walioachwa wapake wanapotaka. Ndiyo njia pekee hapa inayozuia mkunjo usizaliwe. Melanini, ile rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, inatusaidia, lakini haituondolei haja hiyo kabisa.

Zikifika zile chupa zenyewe

Ukiamua kulegeza, utaulizwa jina gani. Mbali na Botox kuna Dysport, Xeomin, Jeuveau na Daxxify. Tofauti zao kwa mchomwaji ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema, isipokuwa mambo machache. Kwanza, yuniti hazilingani. Ndita zinazotumia yuniti 20 za Botox hutumia 50 za Dysport au 40 za Daxxify. Anayekwambia "kwangu unapata yuniti nyingi zaidi" hajakupa kitu mpaka ataje ni za dawa ipi. Pili, Dysport ina chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye mzio nayo aikwepe.

Daxxify, iliyoruhusiwa mwaka 2022, inasifiwa kwa kudumu: kwa watu wengi karibu miezi sita. Inavutia, lakini kwa anayeanza mimi singeishauri. Hujajua bado kama utaupenda uso wako ukiwa umetulia hivyo. Anza na inayoondoka mapema.

Wapo wasiopaswa kuchomwa kabisa, au wasichomwe kwanza: wajawazito na wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli na neva kama miastenia gravisi, na wenye maambukizi kwenye ngozi ya mahali pa kuchomwa. Mtaje daktari antibiotiki unazotumia, hasa za jamii ya gentamisini, kwa kuwa zinaweza kuongeza nguvu ya sumu hii. Dawa za kuzuia damu kuganda zitaje pia, ila usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Na kama una harusi, usichomwe wiki hiyo. Jipe mwezi mzima.

Mkono unaoshika sindano

Mwaka 2024 nchini Marekani watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kudhurika baada ya sindano za bidhaa bandia au zilizoshughulikiwa vibaya, nyingi zikiwa zimechomwa na watu wasio na leseni au mahali pasipo pa tiba, kama nyumbani na kwenye spa. Wapo waliopata kope kushuka, kuona vitu viwili viwili, shida ya kumeza na ya kupumua. Dalili za aina hiyo zinaweza kuja saa chache au hata wiki kadhaa baada ya kuchomwa, na zikija, nenda hospitali ya dharura na useme wazi ulichomwa nini. Watu huona haya kusema, na haya hiyo inamchelewesha daktari.

Kwa hiyo omba dawa ichanganywe mbele yako. Chupa ya Botox ikiwa haijaguswa inaonekana karibu tupu: unga wake ni utando mwembamba chini ya kioo ambao lazima uigeuzegeuze chupa ili uuone. Mle ndani hakuna hewa, na sindano ya maji ya chumvi ikipenya kizibo, chupa huyanywa maji yenyewe bila kusukumwa. Ikiwa haiyavuti, maelekezo ya mtengenezaji ni kuitupa. Daktari wangu wa kwanza alinionyesha hilo bila kuombwa. Aliachia bomba la sindano na nikaona maji yanaingia polepole. Kisha lebo: jina, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Baada ya kuchanganywa inatakiwa ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na itumike ndani ya saa 24. Chupa iliyotolewa mfukoni ikiwa na maji tayari huna namna ya kujua ni nini.

Sasa rudi kwenye kile kioo. Mistari ikifutika uso ukitulia, na inakukera, sindano ya kulegeza ndiyo yako. Haikukeri bado? Krimu ya kukinga jua na tretinoini zitakutosha kwa miaka. Ikibaki kati ya nyusi, legeza kwanza, na hukumu yako uitoe baada ya raundi mbili au tatu. Ikiwa kinachokusumbua kiko chini ya pua na si juu yake, ndipo uzungumze habari za filla, na mtu mwenye haialuronidesi kabatini.

Kabla ya kuchomwa piga picha mbili, moja umekunja uso na nyingine umetulia, kwenye mwanga ule ule. Piga tena baada ya wiki mbili. Andika pembeni jina la dawa, yuniti ngapi, na tarehe, kisha usirudi kabla ya miezi mitatu kupita, hata kama nafasi imepatikana mapema. Dozi zinazofuatana kwa karibu zinaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa. Ni nadra, lakini likikupata, sindano inayofuata inaweza isifanye kazi.